Vyumba Viwili Vilivyopakana

Watu wengine wakitafuta hoteli huulizia utulivu. Lupe alikuwa anatafuta hoteli yenye kelele. Kwa siku tatu, kila wanafunzi wake wa darasa la nne walipotoka, alibaki peke yake katika ofisi ya walimu pale Neiafu, kisiwani Vava'u, akipekua kompyuta ya shule kwa uso wa mtu anayesahihisha mitihani mibaya.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, ina bwawa la kuogelea na picha za wazungu wanaocheka bila sababu. Kwa bei ya usiku mmoja pale ungenunua nguruwe wa sherehe na chenji ikabaki. Ya pili ilikuwa nyuma ya soko, rahisi mno, vitanda sita chumba kimoja, wanaume huku na wanawake kule. Ya tatu ilikuwa nyumba ya wageni ya kawaida, katikati ya mji, dakika kumi kwa gari hadi hospitali kuu, pa'anga sabini kwa chumba. Lupe akateremka kwenye maoni ya wageni, na hapo akamkuta bwana mmoja kutoka Auckland aliyekuwa amefura kwa hasira. Kuta za hapa ni karatasi tupu, bwana yule aliandika. Nimemsikia jirani akikohoa, nimemsikia akijigeuza, nimemsikia akivuta pumzi usiku kucha. Akaipa nyota mbili.

Lupe alisoma maneno yale mara tatu. Kisha akaagiza vyumba viwili, kuanzia Jumamosi hadi Jumanne, na kwenye nafasi ya maombi maalumu akaandika: viwe vimepakana, tafadhali.

Mtu ambaye Lupe alitaka kumsikiliza alikuwa Feleti, mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na minne. Homa ya utotoni ilikuwa imemharibia moyo bila mtu kujua, na mwaka huu moyo ulikuwa umeanza kudai haki yake. Akipanda ngazi za kanisa alisimama katikati akajifanya anafunga kamba za viatu. Miguu ilivimba. Madaktari wa moyo kutoka ng'ambo, wale wanaokuja mara moja kwa mwaka, walikuwa wameliweka jina lake Jumatatu asubuhi. Kilichobaki ni kumfikisha Jumatatu akiwa hai.

Muuguzi wa Neiafu hakumung'unya maneno. Alimvuta Lupe pembeni akamwambia kwamba hatari iko kwenye kulala. Feleti akilala chali, maji yanaweza kupanda mapafuni bila yeye kujua. Asilale peke yake. Atafutwe mwanamume wa ukoo alale naye chumba kimoja, na akisikia pumzi inachemka amwinue haraka, amkalishe, miguu ining'inie.

"Ukimwinua mapema, anarudi," alisema muuguzi. "Ukichelewa, hata mimi nikiwepo ni kazi bure."

Mwanamume wa ukoo hawakukosa. Walikuwa na ba' mdogo hukohuko Nuku'alofa, nyumba kubwa, vijana wanne. Lakini mmoja wa vijana hao ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi la wachumaji wa matufaha waendao Australia, na jina la Feleti lilikuwa kwenye orodha yake ya mwezi wa pili. Kimbunga kilikuwa kimeondoka na paa la nyumba ya kina Lupe. Paa jipya lilikuwa kwenye matufaha hayo. Feleti aliapa kwamba hakuna ndugu atakayejua habari za moyo wake mpaka madaktari waseme amepona. Mama yao naye hakuweza kuondoka, maana alikuwa akimuuguza bibi asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Kwa hiyo ni Lupe, na ni hoteli, jambo ambalo kwetu Tonga mtu mwenye ba' mdogo mjini akilifanya husemwa hadi wajukuu wake.

Na Lupe hakuweza kulala chumba kimoja na Feleti. Hilo halikujadiliwa hata siku moja, kama isivyojadiliwa kwenda kanisani uchi. Tangu Feleti alipotimiza miaka kumi alihamia kibanda cha nyuma na wavulana wenzake, na tangu siku hiyo Lupe hakuwahi kukanyaga mle ndani. Hawakutazama filamu pamoja. Nguo zao hazikuanikwa kamba moja. Walipendana sana, na kwetu mapenzi ya kaka na dada huonekana katika jinsi wanavyopishana mlangoni bila kugusana. Chumba kimoja, basi, hapana. Lakini ukuta, Lupe alijiambia, ukuta mwembamba haumvunjii mtu heshima. Angelala ameuegemea, sikio likiwa macho, na Feleti asijue.

Walitua Nuku'alofa Jumamosi adhuhuri. Kutoka kituo cha teksi hadi nyumba ya wageni ni mwendo wa kumaliza ndizi moja. Wao walitumia karibu nusu saa, kwa sababu Feleti alisimama kila duka. Alitazama ndoano za kuvulia, akatazama mashine za kushonea, akatazama magauni ya kipaimara. Lupe naye alisimama hatua tano mbele, akajifanya anamtafuta mtu kwenye simu. Alisikia ile pumzi nyuma yake, fupifupi, na akawa anaihesabu bila kutaka.

Mwenye nyumba ya wageni aliitwa Kalolaine, mama wa miaka hamsini na ushee, mwenye mwili wa kutosha na kicheko kilichokuwa karibu. Aliwapokea kwa maji ya madafu kabla hajaomba majina. Kisha akafungua daftari lake, akauliza kama ni mke na mume, maana vyumba viwili aliona ni ubadhirifu kwa vijana wanaopendana.

"Hapana, mama," alisema Lupe. "Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Kalamu ikasimama. Kalolaine akatazama daftari, akamtazama Feleti, ambaye alikuwa amekwisha kugeukia dirishani, masikio yamemwiva.

"Maskini wanangu, na mimi nilitaka kuwaaibisha," alisema Kalolaine. "Namba sita na namba saba. Ukuta wenyewe ubao mtupu, mtu akipiga chafya huku, wa kule anamwitikia. Nani ameandika vipakane?"

Lupe alisema labda ni kompyuta.

"Kompyuta haina kaka," alisema Kalolaine, na akacheka hadi mabega yakatikisika. "Usijali, binti yangu. Wewe baki namba sita. Huyu kijana nampa chumba cha mchungaji, kule ng'ambo ya uani, nyuma ya pale tunapofulia. Kimya kabisa, huko husikii hata jogoo. Bei ileile, na wala msinishukuru, ningefanya hivyo kwa watoto wangu mwenyewe."

Lupe alifungua kinywa. Usimcheke, jiweke mahali pake. Angesema nini? Kwamba yeye, mwanamke mtu mzima, mwalimu, anataka kulala ubavu kwa ubavu na kaka yake, ubao mmoja tu ukiwatenga, amsikie akijigeuza? Aseme hivyo mbele ya mama huyu, na Feleti amesimama palepale? Au aseme habari za moyo, kwa mwanamke ambaye kesho kanisani angekaa benchi moja na mke wa ba' mdogo? Alimtazama Feleti apate walau dalili. Mabega ya kijana yalikuwa yameshuka, amepumua kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege. Kumbe hata yeye wazo la vyumba kupakana lilikuwa likimtesa.

"Asante sana, mama," alisema Feleti.

Basi ikawa imekwisha. Lupe alichukia wema wa yule mama kuliko alivyowahi kuchukia ubaya wa mtu yeyote, na akachukua ufunguo wake.

Walikubaliana, kwa maneno machache na macho yakiwa chini, kwamba Feleti atalala ameegemea mito mitatu, mlango wake hataufunga kwa ufunguo, na kila akiamka atatuma ujumbe. Usiku ule jumbe zilikuja. Nimeamka. Nimeamka. Nimeamka, dada, lala na wewe. Lupe hakulala, lakini asubuhi walikuwa hai wote wawili, na alijiambia kwamba imebaki siku moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na Jumapili ya Tonga haichezewi. Maduka yamefungwa, soko limefungwa, teksi hazipo, hata mbwa hutembea polepole. Walikwenda kanisa la karibu kabisa, wamefunga viunoni mikeka ya heshima, kama ilivyo desturi, wakakaa mabenchi tofauti. Nyimbo zilipopanda, Lupe aliisikiliza safu ya wanaume akitafuta sauti ya mdogo wake. Feleti alikuwa na sauti nene iliyowahi kuwafanya wazee wageuze shingo. Leo midomo yake ilikwenda, sauti haikutoka.

Mchana Kalolaine aliwaletea chakula kutoka tanuri la kuchimbwa ardhini: viazi vikuu, na nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi na tui. Feleti alikula vijiko vitatu akasifia kwa heshima. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu, na viatu alikuwa ameviacha mlangoni kwa sababu haviingii tena. Alisema ataegemea kidogo. Lupe alitamani kumwambia akae barazani, asilale kabisa, akae tu mpaka Jumatatu. Lakini habari za kulala kwa kaka si za dada kuzitia mdomoni, na alichoweza kusema ni kwamba barazani kuna upepo mzuri.

"Nusu saa tu, dada," alisema Feleti, akavuka uani taratibu, mkono umeshika kamba za nguo njiani.

Hiyo ilikuwa saa saba na nusu. Baada ya chakula cha Jumapili mji wote hulala, na kweli ulilala. Lupe aliketi kwenye ngazi za nyuma, simu mapajani, akiutazama mlango wa chumba cha mchungaji ng'ambo ya masinki ya kufulia. Saa nane. Saa nane na robo. Jua lilikuwa kali na hakuna kilichotikisika. Aliandika ujumbe: vipi? Haukujibiwa. Akapiga simu, akaisikia ikiita mle ndani, ikaita hadi ikakata.

Alivuka uani bila kuvaa ndala. Alibisha hodi. Aliita jina. Kisha akaweka sikio mlangoni, na akasikia kile alichokuwa amejiandaa kwa majuma matatu kukisikia: pumzi inayochemka, kama chungu kilichoachwa motoni.

Mkono wake ulishika kitasa, na kitasa kikazunguka. Hili lazima lisemwe kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakuacha kulisema. Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja. Aliona shati la kanisani kwenye kiti. Aliona mkeka wa kiunoni umekunjwa vizuri. Aliona paja tupu la mdogo wake, na ubavu wake mtupu ukipanda na kushuka kwa nguvu, na mito mitatu ikiwa sakafuni. Feleti alikuwa amevua nguo kwa joto. Miaka kumi na minne ya kupishana naye mlangoni ilimjia mwilini kwa mpigo mmoja, na kabla hajaamua lolote, mkono ulikuwa umekwisha kuufunga mlango.

Nitafute mwanamume, aliwaza. Dakika moja tu. Mwanamume yeyote.

Alikimbia. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu, Jumapili mlinzi hana kazi. Jikoni Kalolaine alikuwa amelala juu ya mkeka, kinywa wazi. Mumewe, Lupe alikumbuka, alikuwa amekwenda kwenye mafunzo ya Biblia. Alitoka barabarani. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu, barabara nzima ya katikati ya mji mkuu imelala. Alifikiri kupiga kelele, na hata hapo, Mungu amsamehe, alifikiri watu wangesema nini wakikuta hali aliyonayo Feleti. Alirudi ndani, akapanda baraza ya mbele, na hapo akamkuta mzungu mmoja mzee aliyekuja kutazama nyangumi, amekaa na kitabu, miguu juu ya meza.

Alimweleza kwa Kiingereza chake cha shuleni, ambacho siku hiyo kilikuja vipande vipande. Kaka yangu. Mgonjwa. Hapumui vizuri. Tafadhali ingia umwinue.

Mzee alishusha miguu. "Yuko wapi?"

"Kule nyuma."

"Amejifungia?"

"Hapana, mlango uko wazi."

Mzee alimtazama kwa namna ambayo Lupe aliikumbuka kwa muda mrefu, si kwa dharau, kwa kutoelewa tu. "Mbona basi unaniita mimi?" aliuliza, na papo hapo akaanza kutafuta miwani yake, na baada ya miwani viatu, kwa sababu uani kulikuwa na kokoto na miguu yake ilikuwa laini.

Wakati wanafika pumzi ilikuwa haichemki tena kwa nguvu. Mzee aliingia, Lupe akabaki kizingitini amegeuza uso. Alisikia kitanda kikilia, akasikia mzee akihema. Kisha mzee akasema kwa sauti ya kuamuru kwamba peke yake hamwezi, aje amsaidie. Hapo Lupe aliingia.

Alimshika Feleti makwapani, akamvuta akamkalisha, akampakata kifuani kwake, mgongo wa kijana ukiwa umelowa chapachapa. Hakuwa amemgusa tangu walipokuwa watoto wa kuogeshwa beseni moja. Povu la rangi ya waridi lilikuwa midomoni. Alimwita. Alimwambia niko hapa, nimekuja, pumua, mdogo wangu, pumua. Na Feleti akafumbua macho. Alimwona. Akajua ni nani. Na nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo, zile ambazo angezitumia kuvuta pumzi moja zaidi, alizitumia kupapasa godoro akitafuta shuka ajifunike. Lupe aliliona shuka, akalivuta, akamfunika hadi shingoni. Mkono wa Feleti ukatulia.

Gari la wagonjwa lilikuja haraka, ingawa Jumapili. Hospitalini daktari kijana aliuliza kijana alikaa katika hali ile muda gani kabla ya kuinuliwa. Lupe alisema dakika kumi na moja. Alizijua kwa sababu simu ilikuwa mkononi wakati wote. Daktari aliandika, akasema pole.

Kalolaine alikuwa amekuja naye, kanga ya usingizini ingali mabegani. Alilia kweli, kilio cha mtu aliyefiwa, na alimshika Lupe mikono yote miwili pale kwenye benchi la nje.

"Ulimheshimu mpaka dakika ya mwisho," alisema. "Wasichana wa siku hizi wangeingia tu. Nitamwambia kila mtu jinsi ulivyolelewa. Mama yako atembee kichwa juu."

Lupe aliomba aachwe peke yake, akapiga simu Vava'u.

Mama yake alipokea mara ya kwanza tu ilipoita. Alikuwa amekaa nayo. Lupe alimwambia. Hakuzunguka, hakulipamba, alisema Feleti hatunaye. Upande wa pili, nyuma kabisa, alisikia bibi akiguna, akitaka kugeuzwa. Mama hakwenda kumgeuza. Badala yake aliuliza ilikuwaje, na Lupe akamsimulia yote: chumba cha ng'ambo ya uani, nusu saa ambayo haikuisha, simu iliyoita ndani. Alipofika mlangoni alisita.

"Ulimsikia?" aliuliza mama.

"Nilimsikia, mama."

"Akipumua."

"Akipumua."

"Mlango ulikuwa na ufunguo?"

"Haukuwa na ufunguo. Niliufungua kidogo. Alikuwa hajavaa, mama. Nikaufunga, nikaenda kumtafuta mwanamume."

Huyu ndiye mwanamke aliyemfundisha kuanika nguo zake kamba ya peke yake. Ndiye aliyempiga kibao, akiwa na miaka kumi na miwili, kwa kuchungulia tu kibanda cha wavulana. Lupe aliminya simu sikioni akingoja sauti ile imwambie kwamba alifanya ipasavyo, kwamba hakuna dada ambaye angefanya vingine. Mama alivuta pumzi, na alipozungumza hakuwa na hasira hata chembe.

"Si ungeingia tu, mwanangu," alisema.